Diski Yangu ya Nje Inalia Tik-Tik na Windows Inataka Niifomati: Nianzie Wapi?

Swali: "Jambo Papa fundi. Niko Lubumbashi, nina studio ndogo ya picha. Diski yangu ya nje ya tera 2, ile ndogo inayokula umeme wa USB tu, ilianguka toka mezani, mtoto alipita akavuta waya. Ilikuwa inafanya kazi wakati ule. Ikaendelea vizuri siku kadhaa, kisha ikaanza kuganda, nikifungua folda inakaa dakika nzima. Sasa mara inaonekana, mara haionekani, na Windows inaniambia lazima niifomati kwanza. Mara nyingine nasikia tik, tik, tik. Ndani mna picha na video za ndoa za wateja, pamoja na kazi ya mwisho ya chuo ya mdogo wangu. Fundi mmoja wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, anasema ataifungua abadilishe kichwa kwa dola 50. Mwingine anasema niilaze kwenye frigo usiku mmoja. Jirani anasema chkdsk itaitengeneza. Sina dola elfu za kuituma Ulaya. Nifanye nini?"

Jibu:

Mama, kwanza ichomoe. Kama imechomekwa wakati huu unaposoma, ichomoe sasa hivi, na usiirudishe "kuona tu kama leo imeamka" mpaka umalize kusoma. Diski iliyoanguka ikiwa inazunguka imebakiwa na muda wa kuishi ambao hakuna anayeujua, na kila jaribio linaula muda huo. Kama bado uko, utumike kutoa picha, usiishie kwenye kufungua folda na kungoja.

Wote watatu waliokushauri wanazungumzia kuitengeneza diski. Diski hii haitengenezwi. Hata maabara kubwa zenye vyumba vya hewa safi haziitengenezi ili uirudie kazini. Zinaiamsha kwa muda, zinatoa kilichomo, basi. Mtungi ukipata ufa, unahamisha maji kwanza kabla ya kuuliza habari za kuziba. Ushauri wowote unaoanza na kuirekebisha diski, kuusafisha mfumo wake au kuifomati, uweke pembeni.

Ndani ya kile kiboksi mna sahani moja au zaidi zinazozunguka, kwa diski nyingi za aina yako, mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachobebwa na mkono mwembamba. Kichwa hakigusi sahani. Hewa inayosukumwa na mzunguko inakiinua, kinaelea nanomita chache tu juu yake. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 50,000 hadi 100,000, kwa hiyo pima mwenyewe. Diski ikianguka imezimwa, vichwa vimeegeshwa pembeni, na mara nyingi inapona. Ikianguka inazunguka, kichwa kinaipiga sahani. Palipopigwa panabaki kovu, chembe zilizokwanguka zinabaki ndani zikirushwa huku na huku, na kichwa chenyewe kinaweza kuwa kimedhoofika. Ndiyo sababu ilifanya kazi siku kadhaa kisha ikaharibika: kovu linapanuka kila kichwa kinapopita juu yake.

Sauti ya tik nayo ina maana yake. Kwenye sahani kuna alama zilizoandikwa kiwandani zinazouelekeza mkono mahali ulipo. Kichwa kisipoweza kuzisoma, diski inaurudisha mkono nyuma, inaupeleka tena, inaurudisha. Kila kurudi ni tik moja. Na ile kuganda unapofungua folda inatoka kwenye sekta, vipande vidogo vya kuhifadhia vya baiti 512 au 4,096. Diski ikikuta sekta isiyosomeka haiachi mara moja, inarudia kuisoma kwa sekunde kadhaa, kisha Windows nayo inaomba upya. Jambo ambalo wenye studio wengi hawalijui ni hili: ukifungua folda ya picha mia tano, Windows inaanza kusoma faili moja baada ya nyingine ili ichore vijipicha vyake. Wewe unadhani unaangalia tu, kumbe umeituma diski mgonjwa kazi ya faili mia tano.

Sasa tuupitie ushauri uliopewa, kwa sababu kuna hatua hapo ambazo zikishafanyika hazina marekebisho.

Kufomati, hapana. Windows inapouliza hivyo haikuambii kwamba data imefutika. Inasema imeshindwa kusoma sehemu inayoeleza faili ziko wapi. Fomati kamili, tangu enzi za Windows Vista, inaandika sifuri juu ya diski yote. Watu hujitetea kwamba walifanya "fomati ya haraka" tu, ambayo zamani ilifuta orodha na kuacha faili zenyewe. Lakini diski nyingi ndogo za tera 2 za siku hizi zinaandika data katika mistari inayolaliana, na baadhi yake zinapokea amri ya TRIM: ukifomati haraka, Windows inaiambia diski kwamba nafasi yote ni tupu, na tangu hapo diski inajibu sifuri kwa kila ombi. Programu ya kurejesha faili ikiuliza, inaletewa utupu.

Chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, ni chombo kizuri kwenye diski nzima ambayo orodha yake ya faili imevurugika, kwa mfano umeme ulipokatika katikati ya kunakili. Kwenye diski inayokufa ni hatari kwa njia mbili. Kwa chaguo la /r inasoma kila sekta ya diski, pamoja na zile zenye kovu, tena bila kuhifadhi chochote mahali salama. Halafu inaandika: sehemu ya orodha isiyosomeka inaichukulia kuwa imeharibika, inakata viungo, na mwisho unakuta folda iitwayo FOUND.000 yenye faili za .CHK zisizo na majina. Ndoa ya Kalubwe na ndoa ya Katuba zimechanganyika humo, na hakuna anayejua ipi ni ipi.

Frigo ni hadithi ya zamani. Chuma baridi kikikutana na hewa yenye unyevu kinatoa matone, na matone hayo yanaweza kutua hata juu ya sahani. Kichwa kinachoelea nanomita chache hakivuki tone la maji. Hapa kwetu msimu wa mvua hewa imelowa, kwa hiyo ndiyo mahali pabaya kabisa pa kujaribu mchezo huo. Kuigonga diski kwa kiganja pia usifanye.

Ama kuhusu fundi wa dola 50, simsemi vibaya, anaweza kuwa hodari wa kubadilisha skrini na kuchomelea prizi za chaji. Kubadilisha vichwa kunawezekana kweli. Kunahitaji hewa iliyochujwa, vifaa maalumu vya kushikilia vichwa visigusane vinapotolewa, na diski ya pili ya kutolea vipuri, ya modeli ile ile na mara nyingi ya toleo lile lile la programu ya ndani. Hiyo diski ya vipuri peke yake inaweza kuzidi dola 50. Vumbi jekundu la Lubumbashi wakati wa kiangazi linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Punje moja chini ya kichwa inatosha. Atakayeifungua juu ya meza ya dukani, hata kwa nia njema, anaifungua kwa mara ya mwisho, na maabara nyingi zikipokea diski iliyokwisha kufunguliwa zinapandisha bei au zinakataa kabisa. Kuna na wale wanaopendekeza kubadilisha saketi ya nje, ile plakati ya kijani au ya buluu. Kwenye diski za kisasa saketi hiyo ina chipu yenye vipimo vya diski ile ile moja. Ukiweka nyingine bila kuhamisha chipu, haitakuelewa. Na ugonjwa wako hauko kwenye saketi hata hivyo, umetokana na kuanguka.

Kabla ya kugusa diski, kaa chini na karatasi. Andika kilichomo, kisha kwa kila kitu andika mahali pengine kinapoweza kuwa. Kazi hii haina hatari yoyote, na mara nyingi inapunguza nusu ya tatizo. Wateja waliokwisha kupokea ndoa zao wana kopi kwenye flashi uliyowapa. Wapigie simu, waombe wasizifute. Kazi ya mdogo wako huenda iko kwenye barua pepe aliyomtumia profesa wake, au kwenye kompyuta ya duka la karatasi alikoichapisha. Halafu kadi za kamera. Hapa ndipo penye utajiri. Kama kuna kadi hujaitumia tangu ndoa fulani, iondoe kwenye kamera leo. Hata kama uliifomati ndani ya kamera, mara nyingi picha bado zipo mpaka zifunikwe na mpya, na programu ya bure ya PhotoRec, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, inaweza kuzitoa. Inatafuta alama za mwanzo za faili za JPEG, RAW na video, kwa hiyo majina na folda yanapotea, lakini tarehe ya kupigwa picha inabaki ndani ya picha yenyewe na utaweza kuzipanga. Video ndefu ni ngumu zaidi, kwa kuwa kamera nyingine huziandika vipande vipande. Kumbuka tu kuihifadhi kazi ya PhotoRec kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi unayoikoa.

Ukimaliza orodha, weka alama kwa vitu ambavyo haviko popote pengine. Hivyo ndivyo tunavyopigania. Filamu na nyimbo ulizokuwa nazo, ziache ziende.

Jambo moja la haki kwa diski yako: umeme hafifu nao unaleta tik-tik na kuonekana-kupotea. Diski ndogo ya USB ikianza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 1, wakati tundu la USB 2.0 linaahidi mia tano tu za miliampea na lile la USB 3.0 linaahidi 900. Waya mrefu, waya uliolegea kwenye kile kichomeo kipana, kigawanyio cha USB kisicho na chaja yake, au laptopu kuukuu, vyote vinaweza kuifanya diski ianze, ikose nguvu, ijizime, ianze tena. Na waya wako ulivutwa na mtoto. Kwa hiyo jaribio moja lina haki ya kufanyika: waya mwingine, mfupi, wa uhakika, kwenye tundu la USB 3.0 la kompyuta yenyewe. Diski ilale juu ya meza ngumu. Sikiliza kwa sekunde kumi na tano. Ukisikia mvumo laini bila tik, kuna matumaini. Ukisikia tik zinazofuatana kwa mpigo ule ule, au mlio wa bip-bip kama mota inashindwa kuzunguka, au sauti ya kukwaruza, ichomoe na ruka hadi mahali ninapozungumzia maabara. Sauti ya kukwaruza hasa haina mjadala, maana kila mzunguko unaparua picha.

Kama inavuma vizuri, unaweza kuangalia afya yake kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure ya Windows. Angalia namba tatu. 05 ni sekta zilizokwisha kufa na kubadilishwa na za akiba. C5 ni sekta zinazosubiri hukumu, zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma. C6 ni zile zilizothibitika hazisomeki. Zikiwa sifuri zote tatu, rudi ukashuku waya na umeme. Zikiwa na hesabu, hasa C5, ni kovu. Angalia pia kwamba programu hiyo huonyesha hesabu hizi kwa mfumo wa heksadesimali, yaani kuhesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, usipoibadilisha, kwa hiyo "64" pale ni mia moja. Usiiachie diski ikizunguka huku unavutiwa na jedwali. Dakika moja inatosha.

Hapo ndipo unapofika njia panda, na nakuambia bila kuficha. Kujaribu mwenyewe kunaweza kukuletea karibu kila kitu kwa gharama ya diski mpya tu. Kunaweza pia kukuza kovu hadi maabara ishindwe kesho. Kama vile vilivyowekewa alama kwenye karatasi vinakugharimu, kwa fedha au kwa jina lako mjini, kuliko mamia ya dola, usijaribu hata mara moja. Iache imezimwa na uanze kukusanya fedha. Diski iliyozimwa mahali pakavu itakungoja. Kama ni vitu vya thamani lakini hutalipa mamia kwa ajili yake, na diski inaonekana bila mpigo wa tik, basi jaribu, lakini kwa njia moja tu: kunakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwa programu ya bure ya GNU ddrescue.

Kwa nini si kuburuta folda? Kwa sababu Windows ikigonga faili mbovu inakwama pale pale, inaipiga diski kwenye kovu huku gigabaiti mia za picha nzima zikisubiri nyuma yake. ddrescue inafanya kinyume chake. Inasoma kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, ikikuta ugumu inaruka mbele, na sehemu ngumu inazirudia mwishoni. Tena inaandika ramani ya kazi yake kwenye faili ndogo. SNEL, wale wa shirika la umeme, wakikata katikati, unaendelea pale ulipoachia badala ya kuanza upya, na kwa mji wetu hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Utahitaji diski mpya ya tera 4. Ya tera 2 ni ndogo kwa kazi hii, kwa sababu utaweka nakala nzima ya diski mbovu kama faili moja, kisha utahitaji nafasi ya kutolea picha kutoka humo. Mpangilio wake wa kuhifadhi faili uwe NTFS au exFAT, maana FAT32 haikubali faili inayozidi giga 4. Utahitaji flashi ya giga 4 au zaidi, na SystemRescue, mfumo wa Linux wa bure unaopakua kwa takriban giga 1 ya mega zako, unaouandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Tumia laptopu yenye bateri nzuri, iliyochomekwa kwenye onduleri (UPS) kama unayo. Elekeza feni kwenye diski mgonjwa. Joto likipanda juu ya digrii 50, pumzika. Na mtoto alale kwa bibi siku hiyo.

Washa laptopu kwa flashi (kwa kawaida F12, F9 au Esc kutegemea chapa), kisha chomeka diski mbili moja kwa moja kwenye laptopu. Andika:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Soma ukubwa na namba ya kila diski, uandike kwenye karatasi. Tuseme mbovu ni sdb na mpya ni sdc. Usifungue mbovu, usibofye ikoni yake. Fungua mpya tu:

mkdir /mnt/mpya
mount /dev/sdc1 /mnt/mpya

Halafu pita ya kwanza, yaani awamu ya kwanza ya kusoma, ile isiyong'ang'ania penye ubovu:

ddrescue -n /dev/sdb /mnt/mpya/nakala.img /mnt/mpya/kazi.map

Chanzo kinatangulia, kikapu kinafuata, ramani mwisho. Wanaopoteza kila kitu kwa ddrescue ni wale waliogeuza mpangilio wakaandika diski tupu juu ya diski ya data. Kwa kunakili kwenye faili, kama hapa, kosa hilo ni gumu zaidi kutokea, lakini soma mstari mara mbili kabla ya kubonyeza. Diski ikienda kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, tera 2 ni kama saa tano na nusu. Kwa tundu la USB 2.0, lenye kasi ya karibu 35, ni saa kumi na sita, ndiyo maana nilisisitiza 3.0. Angalia asilimia ya yaliyookolewa na kasi ya sasa. Kasi ikianguka hadi kilobaiti chache na kubaki hapo, au ukisikia mpigo wa tik unaanza, bonyeza Ctrl na C. Ulichokwisha kupata kiko salama. Diski ikipotea yenyewe, zima, iache ipoe nusu saa, hakiki majina kwa lsblk tena kwa sababu yanaweza kubadilika, kisha rudia amri ile ile na ramani ile ile.

Pita ya kwanza mara nyingi ndiyo inayoleta sehemu kubwa. Ikimalizika na diski bado iko tulivu, unaweza kurudi kwenye sehemu ngumu:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/mpya/nakala.img /mnt/mpya/kazi.map

Namba 3 ni idadi ya marudio. Usiweke thelathini. Kabla ya pita hii mimi ningefungua nakala kwanza nione vitu vya alama vimeshapatikana au la. Kama vimepatikana, hakuna sababu ya kuichosha diski zaidi.

Chomoa diski mbovu, iweke kwenye kabati, na tangu sasa fanya kazi na nakala tu. Kwenye Windows, 7-Zip inaweza kufungua faili ya nakala.img kama diski ilikuwa na NTFS na orodha yake imesalimika. Ikishindikana, TestDisk, ya mwandishi yule yule wa PhotoRec, inaonyesha folda na kuzinakili. PhotoRec iwe ya mwisho. Picha chache zitafunguka nusu, chini rangi ya kijivu; hapo ndipo kovu lilipopita. Fungua picha kwa macho yako, moja kati ya kumi angalau katika kila ndoa. Jina la faili na ukubwa wake havithibitishi kwamba ndani ni nzima.

Kama amri hizi zinakuogopesha, mpe mtu mwingine, si aibu. Wako mafundi mjini wanaoziweza. Muulize tu: utaanza kwa kufanya nini? Akisema atatengeneza nakala ya sekta zote kwanza na kufanya kazi kwenye nakala, kaa uzungumze bei. Akisema ataweka programu ya kurejesha faili moja kwa moja kwenye diski yenyewe, au atachukua bisibisi, chukua diski yako, msalimie vizuri, uondoke.

Maabara: kwa sisi wa Katanga, walio karibu wenye uwezo wa kubadilisha vichwa wako Afrika Kusini, hasa Johannesburg, wako pia Nairobi. Si lazima Ulaya. Kubadilisha vichwa huanzia mamia ya dola na hupanda kulingana na ukubwa na uharibifu. Waulize kabla: uchunguzi unalipiwa kiasi gani, je, data isipopatikana unalipa, nani analipia diski ya vipuri, na utapewa orodha ya faili kabla ya kulipa? Usimfiche maabara kwamba ilianguka na kwamba ilijaribiwa. Kuipeleka, ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha sponji ya sentimita tano kila upande, ndani ya boksi gumu, na msafiri aibebe mkononi. Isiingie kwenye mizigo ya basi la Kasumbalesa wala tumboni mwa ndege. Mashine ya eksrei ya uwanja wa ndege haidhuru diski.

Kwa mbele, wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: kopi tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa studio yako hiyo ni kompyuta, diski ya nje, na diski ya pili inayokaa kwa dada yako Kampemba na kubadilishana kila Jumapili. Mtandao usiubebeshe ndoa nzima kwa bei ya mega tulizo nazo. Akaunti ya bure ya Google ina giga 15, zitoshe picha zilizokwisha kuhaririwa za wateja na kazi ya chuo ya mdogo wako. Kadi ya kamera isifomatiwe mpaka kopi mbili zimefunguliwa na kuangaliwa. Ukinakili kwa Windows, tumia robocopy, amri yake ya kunakili, kwa chaguo la /E /R:1 /W:1, kwa sababu ukiiachia mazoea yake inarudia faili mbovu mara milioni moja, na kungoja sekunde 30 kila mara. Na diski unayofanyia kazi kila siku iwe NTFS kama hutumii Mac. ExFAT haina daftari la kumbukumbu linaloisaidia kusimama tena umeme ukikatika katikati ya kuandika. Radi za Novemba hadi Machi zikianza, chomoa waya. Onduleri ya bei ndogo haizuii radi.

Unapokwenda kununua hiyo ya tera 4, jihadhari na zile za "tera 16" kwa dola ishirini. Ni flashi ndogo iliyodanganywa itaje ukubwa wa uongo. Inapokea faili zako zote, inaonyesha majina, na ndani hakuna kitu. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuirudisha, kisha ijaze kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, kabla ya kuweka hata picha moja. Angalia pia saa ilizofanya kazi kwenye CrystalDiskInfo. Diski "mpya" yenye saa 20,000 imetolewa mahali fulani ikafungwa plastiki.

Ya zamani itunze mpaka kila mteja athibitishe picha zake. Usiiuze wala usimpe mtoto wa jirani aihifadhie nyimbo: ina nyuso za harusi za watu. Siku ukiitupa, itobolewe kwa dreli kupita kwenye sahani. Sahani za diski ndogo kama yako mara nyingi ni za kioo, zinapasuka vipande vidogo, basi funika kwa kitambaa kizito na uvae miwani.